Doti moja ya kanga, haki tano: jinsi ya kujua unachomiliki na pa kukisajili

Itandaze kanga mezani uikague. Pembezoni imezungukwa na pindo. Katikati upo mji. Chini ya mji, ndani ya kisanduku chake, kuna jina: methali, fumbo, au kijembe cha kumfikia jirani. Halafu, kwa herufi ndogo karibu na pindo, ipo chapa ya aliyeitoa. Mombasa kuna kanga ambazo kwa vizazi zimejulikana kwa maandishi "K.H.E. Mali ya Abdulla". Herufi hizo ni za Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara ambaye wateja walimwita Abdulla, na mnunuzi aliyeyaona hakuhitaji kuuliza mzigo umetoka duka gani.

Kitambaa chenyewe ni mali ya aliyekilipia. Akitaka akishone pazia, akitaka abebee mtoto. Hakuna wa kumuuliza. Asichonunua ni ruhusa ya kupeleka mchoro ule kiwandani akachapa doti elfu moja nyingine. Ruhusa hiyo iko mikononi mwa nani, kwa miaka mingapi na katika nchi zipi, ndiyo habari nzima ya miliki bunifu.

Tutaifuata doti hiyo moja kwa sababu ndani yake haki karibu zote zinakutana. Kama unauza sabuni, viungo au programu za simu, badilisha majina ya sehemu tu. Kazi ni ileile. Taratibu zinazoelezwa hapa ni za Tanzania Bara, na pale Zanzibar au Kenya zinapoachana nazo itatajwa.

Ichambue bidhaa kabla ya kutoa hela

Fedha nyingi hupotea kwa sababu mtu amelipia karatasi halali ambayo hailindi kile alichotaka kilindwe. Kwa hiyo anza na karatasi tupu yenye safu nne: sehemu ya bidhaa, aliyeibuni, tarehe aliyoibuni, na watu ambao wameshaiona.

Mchoro wa mji na pindo ni kazi ya sanaa, kwa hiyo uko chini ya hakimiliki. Muonekano huohuo, kama sura ya bidhaa inayotolewa kwa wingi kiwandani, unaweza pia kusajiliwa kama ubunifu wa umbo la bidhaa. Chapa iliyo karibu na pindo ni alama ya biashara. Kama umeunda fremu mpya ya kuchapia inayozuia rangi kuvuka mstari, hapo unazungumzia hataza, yaani haki ya mwenye uvumbuzi. Na kama una uwiano wako wa dawa ya rangi unaofanya nyekundu isichuje, hiyo ni siri ya biashara. Haki tano, kila moja na mlango wake.

Jina la kanga, yaani yale maandishi, mara nyingi si la mtu. Methali ni ya watu wote. Hata msemo ulioubuni jana usiku, ukiwa na maneno manne au matano, ni vigumu mno kuudai kwa hakimiliki. Vivyo hivyo futa kwenye orodha yako vyote ulivyovirithi. Kisutu chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe kimevaliwa harusini pwani nzima tangu zamani, na hakuna anayeweza kukifungia kabatini. Mchoro wa mkorosho nao hivyo. Ukichora mkorosho kwa mkono wako unamiliki ule mchoro wako, na jirani yako akichora wa kwake bila kuangalia wako, hajakuibia kitu.

Safu ya nne watu huijaza kwa uvivu, na ndiyo inayoamua mambo. Kama fremu yako mpya ilishaonyeshwa kwenye maonyesho ya Sabasaba, huenda hataza imeshakuponyoka. Kama uwiano wa rangi wanaujua vibarua sita ambao hawajasaini chochote, hiyo si siri tena. Kwa upande wa hakimiliki, kuonekana hakukudhuru.

Jambo moja la kuondoa njiani: TIN, leseni ya biashara, alama ya ubora ya TBS na msimbo wa mistari nyuma ya pakiti si miliki bunifu. TIN ni ya kodi. TBS inasema bidhaa imefikia kiwango. Msimbo ni namba ya kusomwa na mashine ya dukani. Hata ukiwa navyo vyote, jina lako bado liko wazi.

Jina la biashara na alama ya biashara ni vitu viwili

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, na chanzo chake kinaeleweka: vyote viwili vinasajiliwa na ofisi ileile, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), kwenye mfumo uleule wa mtandaoni, na vyote vinakupa cheti chenye jina lako.

Cheti cha jina la biashara kinaieleza serikali nani yuko nyuma ya biashara fulani. Tuseme umesajili "Kunguru Mweupe Traders". Sasa unaweza kufungua akaunti ya benki kwa jina hilo na kuomba leseni. Mwenye kiwanda cha kanga akianza kuchapa chapa ya Kunguru Mweupe kwenye doti zake, cheti hicho hakikupi haki ya kumshitaki kwa kuingilia alama iliyosajiliwa. Baya zaidi, yeye akiisajili kama alama ya biashara kabla yako, anaweza kukudai wewe uiondoe kwenye bidhaa zako. Utabaki na hoja ya kuthibitisha kwamba wateja walishakujua kwa jina hilo na kwamba yeye anauza kwa mgongo wako. Ni hoja halali mahakamani, lakini inadai mashahidi, stakabadhi za miaka na wakili.

Kampuni nayo ni vivyo hivyo. Kusajili kampuni yenye neno fulani hakukumilikishi neno hilo kwenye bidhaa.

Kuchagua jina linalosajilika

Alama lazima itofautishe bidhaa yako na za wengine. "Kanga Bora", "Asali Tamu", "Sabuni Safi": haya yanaeleza bidhaa tu, na msajili atayakataa, kwa sababu ukipewa neno "tamu" wauza asali wengine watasema nini? Jina la mahali ambako bidhaa hiyo hutoka kwa kawaida lina shida hiyohiyo. Jaribu kujitengea neno "Kilimanjaro" kwa kahawa uone. Majina yenye nguvu ni ya aina mbili: neno ulilolitunga mwenyewe lisilo na maana, au neno la kawaida lisilohusiana na bidhaa. Kunguru Mweupe hauelezi chochote kuhusu kitambaa, na ndiyo maana unafaa.

Watu hushangaa wakisikia neno la Kiswahili limesajiliwa ugenini. Disney iliomba kusajili "Hakuna Matata" Marekani mwaka 1994 na ikasajiliwa mwaka 2003, kwa nguo. Mwishoni mwa 2018 kelele zilipanda mitandaoni kwamba lugha imeibiwa. Hasira ina haki yake, ila ni vizuri kujua usajili ule unafanya nini hasa: unahusu kutumia maneno hayo kama chapa ya mavazi, ndani ya Marekani. Hauwezi kumzuia mtu kuyasema, kuyaandika kitabuni, wala kuyachapa kwenye kanga Dar es Salaam. Alama haitembei peke yake. Daima imefungwa kwenye aina ya bidhaa na kwenye nchi. Lakini pia usidharau. Mwaka 2006 kampuni moja Uingereza iliomba kusajili neno "kikoy". Kama lingepita, muuza vikoi kutoka Mombasa angepata taabu kutumia jina halisi la bidhaa yake katika soko la Uingereza. Lilipingwa, na likaishia njiani. Kwenye alama za biashara kupinga mapema kunawezekana, na ni rahisi kuliko kufuta baadaye.

Kusajili alama, hatua kwa hatua

Tafuta kwanza. Omba BRELA wakutafutie kama kuna alama inayofanana na yako katika daraja lako, yaani kundi la bidhaa zako, halafu fanya na utafutaji wako mwenyewe. Usitafute kwa tahajia tu. Tafuta kwa sikio. Msajili hupima kama mnunuzi wa kawaida, asiye na haraka wala umakini wa kupita kiasi, angechanganya. Kwa Kiswahili, jaribu kubadilisha r na l (Lulu, Rulu), dh na z (Dhahabu, Zahabu), uiondoe h mwanzoni, uandike k kwa c au q, kisha uitafsiri kwa Kiingereza. Tazama na picha: kunguru wawili weupe wanaotazama pande tofauti bado ni kunguru weupe.

Chagua daraja. Bidhaa na huduma zote duniani zimegawanywa katika madaraja 45 ya mfumo wa Nice: 1 hadi 34 ni bidhaa, 35 hadi 45 ni huduma. Vitambaa viko daraja la 24, mavazi daraja la 25. Kanga inasimama mlangoni kati ya haya mawili, kwa sababu inauzwa kama kitambaa na huvaliwa ilivyo, kwa hiyo kama mfuko unaruhusu omba yote mawili. Sabuni na vipodozi ni daraja la 3. Kahawa, chai na viungo ni la 30. Juisi na maji ya kunywa ni la 32. Mgahawa ni la 43. Kila daraja hulipiwa ada yake. Usijaze madaraja kumi kwa tamaa: alama isiyotumika kwa miaka 3 mfululizo Tanzania Bara inaweza kuombewa ifutwe. Kenya muda huo ni miaka 5.

Tayarisha picha ya alama. Ukisajili maneno matupu kwa herufi za kawaida, unalindwa kwa mwandiko wowote. Ukisajili nembo yenye rangi na mapambo, ulinzi unakaa karibu na nembo ile, na ukibadilisha muundo mwakani unaanza upya. Mwenye hela za ombi moja tu aanze na maneno.

Fungua akaunti kwenye mfumo wa BRELA wa mtandaoni kwa namba yako ya NIDA, jaza ombi, orodhesha bidhaa kwa majina yake ("kanga, vikoi, vitenge", badala ya "nguo mbalimbali"), pakia picha, kisha lipa kwa kontrol namba inayotolewa. Ada hubadilika, kwa hiyo soma jedwali la siku hiyo kwenye tovuti yao na usiamini bei ya kuambiwa na mtu wa stationery. Hakikisha mwombaji ni yule atakayemiliki kweli. Mara nyingi ombi huingia kwa jina la kijana aliyesaidia kujaza fomu au mbia mmoja kati ya watatu, na siku ya ugomvi daftari ndilo linaloaminiwa.

Afisa ataichunguza. Akiwa na shaka atakuandikia, na barua hiyo ina muda wa kujibu. Ukiipuuza ombi linahesabika limeachwa. Ikipita, inatangazwa kwenye jarida la msajili, na mtu yeyote ana siku 60 za kuweka pingamizi. Zikipita kimya, unalipia cheti. Jarida hilo hilo lisome hata baada ya kupata chako, kwa sababu humo ndimo utakapomwona anayeomba "Kunguru Mweupi", na wewe ndiye utakuwa na siku 60.

Tanzania Bara usajili wa kwanza hudumu miaka 7 kuanzia tarehe ya ombi, kisha unauhuisha kwa miaka 10 kila mara, bila kikomo. Kenya ni miaka 10 tangu mwanzo. Wafanyabiashara wa mipakani huzichanganya hizi mbili, na ombi lililoingia 10 Machi 2025 lililodhaniwa linaisha 2035 litakuwa limeshakufa tangu 2032. Kuhusu ile R ndani ya duara: usiiweke mpaka cheti kitoke, maana unaudanganya umma na inaweza kukutia matatani. Kabla ya hapo unaweza kutumia herufi TM, ambazo hazidai usajili.

Mchoro: hakimiliki ipo tayari, ushahidi ndio haupo

Hakimiliki huzaliwa pale kazi inapowekwa kwenye karatasi, kompyuta au kinasa sauti. Huhitaji cheti. Kwa sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 haki hiyo hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, Kenya pia. Wazo halilindwi: "kanga yenye picha ya treni ya mwendokasi" ni wazo, na yeyote anaweza kuchora treni yake.

Usajili kwa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA), au KECOBO kwa Kenya, ni ushahidi wa tarehe na jina. Unafaa, hasa ukigombana na mtu mwenye wakili, ila si mzazi wa haki. Kilicho muhimu zaidi kinakaa nyumbani kwako: michoro ya penseli ya awali yenye tarehe, faili asilia la kompyuta lenye tabaka zake zote, barua pepe za kuitumia kiwandani, ankara ya kwanza. Aliyenakili huwa na picha ya mwisho tu. Hawezi kutoa mji wa kanga ukiwa nusu, kabla pindo halijachorwa, na hakimu hulielewa hilo bila kuelezwa sana. Ile mbinu ya kujitumia barua iliyofungwa kwa posta iache. Bahasha inaweza kutumwa wazi na kujazwa baadaye.

Shida halisi ya mchoro haiko kwa mwizi wa nje. Iko kati yako na mchoraji. Umemlipa shilingi kadhaa akakuchorea, na kila mmoja amekwenda nyumbani akiamini mchoro ni wake. Kenya sheria inasema kazi iliyoagizwa kwa malipo huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, kama hakuna makubaliano mengine. Usiishi kwa kutegemea kifungu. Andika, hata nusu ukurasa:

"Mimi, (jina la mchoraji), nimechora mchoro ulioambatanishwa hapa, unaoonekana ukurasa wa 2. Sikuunakili kutoka kwa mtu mwingine. Kwa malipo ya Sh. (kiasi), niliyopokea leo, namhamishia (jina la mnunuzi) haki zote za kiuchumi za mchoro huu, kwa nchi zote na kwa muda wote wa hakimiliki. Naruhusiwa kuuonyesha kama sampuli ya kazi zangu. Jina langu litatajwa pale inapowezekana."

Halafu wote wawili wasaini kurasa zote mbili, ule wa pili wenye picha ukiwemo. Mikataba mingi inasema "mchoro wa kanga" bila picha, na baada ya miaka mitatu mchoraji ameshakuuzia kumi na mbili, hakuna anayejua upi ni upi. Neno "kiuchumi" lipo kwa makusudi: haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mchoraji hubaki kwake hata akiuza kila kitu kingine.

Kwenye muziki kuna tabaka la ziada, hakishiriki: mtunzi ana haki yake, mwimbaji yake, mtayarishaji aliyerekodi yake, na redio yake kwa matangazo. Wimbo mmoja unaweza kuhitaji saini tatu kabla haujaingia kwenye tangazo la sabuni.

Kama unataka sura ya bidhaa isajiliwe kama ubunifu wa umbo, Kenya utakwenda KIPI, taasisi yao ya miliki za viwanda, ambako unapata miaka 5 inayohuishwa mara mbili hadi 15. Kwa Tanzania Bara njia inayotumika ni ombi kwa ARIPO, shirika la miliki bunifu la nchi kadhaa za Afrika, huko Harare, ukiitaja Tanzania kati ya nchi unazotaka. Sharti ni upya, kwa hiyo omba kabla ya kuweka doti dukani.

Fremu mpya: hataza, na kunyamaza

Hataza hutolewa kwa uvumbuzi ulio mpya duniani kote, unaodai hatua ya ubunifu ambayo fundi wa kawaida asingeifikia moja kwa moja, na unaoweza kutengenezwa au kutumika. Nadharia ya kisayansi, hesabu, mbinu ya kuendesha biashara na namna ya kumtibu mtu havimo.

Neno "mpya" halina huruma. Video ya sekunde 20 ya fremu ikifanya kazi, ukiiweka mwenyewe mtandaoni, inaweza kutumika kuikataa hataza yako. Masharti ya msamaha hutofautiana nchi na nchi, na nyingine hazina kabisa. Kwa hiyo: ombi kwanza, maonyesho baadaye. Ikibidi kumwonyesha fundi chuma au mwenye mtaji kabla ya hapo, asaini ahadi ya kutunza siri, na aisaini kabla hajaona.

Ombi lina maelezo, madai, michoro na muhtasari. Maelezo yamwezeshe fundi mwingine kuitengeneza fremu bila kukuuliza. Ukificha sehemu muhimu, umejiangusha. Madai ndiyo uzio wa shamba lako. Ukiandika "fremu ya mti wa mninga yenye kamba ya nailoni ya milimita 4", jirani atatumia chuma na kamba ya milimita 5 na yuko nje ya uzio. Ukiandika "kifaa chochote cha kukaza kitambaa", umezungushia na fremu za babu zetu, na ombi litakataliwa kwa kukosa upya. Dai la kwanza liseme kile tu kinachofanya kazi yako iwe tofauti, mfano "pande mbili zinazokaza kitambaa kwa springi kabla ya kiolezo kushuka", na madai yanayofuata yaongeze mbao, vipimo na kamba. Hapa ndipo pa kumlipa wakala aliyesajiliwa kama una fedha za kumlipa mtu mmoja tu katika safari hii yote.

Tanzania Bara hataza hudumu miaka 10 tangu ombi, na inaweza kuongezwa mara mbili, miaka 5 kila mara, ukionyesha kwamba uvumbuzi unatumika. Kenya ni miaka 20. Kote kuna ada za kila mwaka, na hataza nyingi hufia hapo: mwenyewe amesahau ada, si kwamba ameshindwa kesi. Kwa uboreshaji mdogo wa kifaa kilichopo kuna haki nafuu zaidi, cheti cha matumizi, ya miaka 7 Bara na 10 Kenya. Mafundi wengi wa karakana wanaoomba hataza walistahili hii.

Rangi isiyochuja: siri

Siri haisajiliwi popote, haina mwisho, na huvunjika mara moja tu. Sheria itakusaidia ukionyesha mambo matatu: haikujulikana, ina thamani kwa kuwa haijulikani, na ulichukua hatua za kuitunza. La tatu ndilo huwaangusha watu.

Hatua zenyewe ni za kawaida. Toa dawa kwenye vifungashio vya dukani uzihamishie kwenye makopo yenye herufi A, B na C. Karatasi ya ukutani iseme "gramu 40 za A, gramu 15 za C, lita 10 za maji", na orodha ya A ni nini ikae kwako pamoja na mtu mmoja zaidi, ukipata ajali. Anayepima asiwe anayenunua. Mkataba wa kila kibarua uwe na kifungu cha usiri kinachotaja kazi ya rangi. Mshindani akinunua kanga yako akaipeleka maabara akagundua mwenyewe, hana kosa, na hapo ndipo ulipo uamuzi: kitu kinachoweza kufumbuliwa kwa kukitazama kiombee hataza, kisichoweza kifiche.

Mipaka

Usajili wa BRELA hauvuki bahari. Zanzibar ina sheria na daftari lake, na ombi linakwenda BPRA, wakala wa usajili wa huko, Unguja. Mzigo unaoshuka Darajani bila usajili wa huko hauna ulinzi wa alama iliyosajiliwa, hata kama una cheti cha Bara.

Ukishaomba nyumbani, mkataba wa kimataifa wa Paris hukupa dirisha: miezi 6 kwa alama na maumbo, miezi 12 kwa hataza, ambamo ombi lako katika nchi nyingine mwanachama litahesabiwa limeingia tarehe ileile ya kwanza. Aliyeomba alama 10 Machi ana hadi 10 Septemba. ARIPO hupokea ombi moja kwa nchi kadhaa za Afrika: itifaki ya Harare kwa hataza na maumbo, ya Banjul kwa alama. Tanzania na Uganda zimo kwenye Banjul. Kenya haimo, kwa hiyo kwa alama Kenya nenda KIPI moja kwa moja. Mfumo wa Madrid, wa kuombea alama nchi nyingi kwa ombi moja, ambao Kenya imo tangu 1998 na Rwanda tangu 2013, humfaa mwenye uraia, makazi au biashara halisi katika nchi mwanachama.

Na kama doti zako zinachapwa China, sajili alama China. Kule kwa kawaida wa kwanza kuomba ndiye wa kwanza kupata, na anayeweza kukutangulia ni kiwanda chako mwenyewe au wakala wake.

Ukikuta kanga yako kwenye meza ya mwingine

Usianze kwa kumposti. Ukimtaja mtandaoni kuwa mwizi, mzigo unahamishwa stoo nyingine usiku huohuo, na yeye anapata kesi ya kashfa dhidi yako. Nunua doti moja, dai risiti ya EFD, piga picha ya duka, mzigo na lebo, andika siku na saa. Weka doti yake na yako kwenye mwanga mmoja na uorodheshe yanayofanana, hasa makosa: ua lililokosa petali moja kwenye mchoro wako likikosa na kwake, umepata shahidi mzuri kuliko wote.

Kisha barua: haki yako ni ipi, cheti namba ngapi, unataka nini (aache, aharibu mzigo, alipe), ndani ya siku 14. Wengi huishia hapo. Akikaidi na bidhaa inabeba alama yako, Tume ya Ushindani (FCC) ina mamlaka juu ya bidhaa bandia Tanzania Bara. Kenya iko mamlaka ya kupambana na bidhaa bandia. Kwa mchoro, nenda COSOTA au KECOBO. Picha zinazouzwa mtandaoni Kenya zina njia ya mkato: tangu marekebisho ya sheria ya 2019, mtoa huduma za mtandao aliyepokea notisi sahihi anatakiwa azuie ndani ya saa 48 za kazi. Notisi iwe na anwani kamili ya ukurasa, maelezo ya kazi yako na saini. "Wameniibia picha zote" haitoshi.

Kabla ya barua ya kwanza, fungua tena ile karatasi ya safu nne. Kama unachodai ni kisutu kilichobadilishwa pindo, dai pindo tu.